Maranda na Masanduku ya Maoni

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake la cheti. Walimwita Maranda, kwa kuwa tangu asubuhi mpaka jioni nywele zake, nyusi zake na kola ya shati lake vilijaa maranda, yale mabaki membamba yaliyojikunja ambayo randa huyatoa kwenye ubao. Karakana yake ilikuwa kwenye kona nyuma ya soko, kuta tatu na paa la mabati, upande wa nne ukiwa wazi kuelekea barabarani. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hata hayo machache aliyatoa akiwa na misumari mdomoni, hivyo wateja wake walishazoea kumsikia nusu na kukisia nusu iliyobaki.

Asubuhi moja alifika kijana nadhifu, kitambulisho shingoni, faili kwapani, akikanyaga kwa ncha za viatu ili asichafuliwe na vumbi la mbao. Alijitambulisha kuwa ni Afisa Ushirikishwaji wa Wakazi kutoka Halmashauri ya Jiji. Cheo kilikuwa kirefu mno kwa mtaa ule, na kabla hajaondoka fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, mama ambaye masikio yake hayakupitwa na jambo hata mashine ikinguruma, alikuwa ameshakifupisha kuwa Afisa Maoni. Jina likaganda.

Afisa alieleza kwamba Jiji limeamua kuwasikiliza wakazi wake. Yatawekwa masanduku ishirini kila mahali penye watu, sokoni, zahanati, shuleni, kituo cha mabasi, na kila mwenye wazo la kuboresha maisha ya mjini ataandika na kutumbukiza. Mchoro wa sanduku ulikuwa tayari. Ulipita kamati tatu, na ya tatu ilikaa siku mbili nzima kwa ajili ya rangi peke yake.

Maranda alitema misumari kiganjani, akaushika mchoro, akaugeuza juu chini, akaugeuza tena.

"Afisa, hili linafunguliwa wapi?"

"Barua zinaingia hapa, mzee. Huu mwanya."

"Zinaingia, nimeona. Zinatoka wapi?"

Kijana aliuangalia mchoro kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyompasa mtu anayeujua. Kisha akasema mchoro umeshapitishwa, na kuongeza chochote ni lazima urudi kwenye kamati, na kamati hukaa mara moja kila miezi mitatu. Maranda hakubishana naye. Lakini roho yake haikumruhusu kutengeneza sanduku lisilofunguka, jambo ambalo kwake lilikuwa sawa na kumshonea mtu suruali isiyo na pa kupitishia miguu. Kwa hiyo kila sanduku alilitia kijimlango nyuma, bawaba mbili na kufuli. Afisa alipokuja kuyakagua na kuviona vile vijimlango, alisimama kama mtu aliyekuta mgeni chumbani kwake. Aliwaza, akajikuna kidevu, mwishowe akaandika kwenye faili lake: "kifuniko cha nyuma kwa ajili ya matengenezo". Hapo moyo wake ukatulia.

Zikabaki funguo. Maranda alinyoosha mkono amkabidhi, kijana akarudi nyuma hatua moja. Mwongozo wa ufunguzi ulikuwa bado unaandaliwa, akasema, na mpaka ukamilike hakuna mtumishi wa Jiji mwenye mamlaka ya kuzishika.

"Kaa nazo kwanza, mzee."

Maranda akazipitisha kwenye waya, akazitundika kwenye msumari kando ya misumeno.

Siku ya uzinduzi Meya mwenyewe alifika sokoni. Palifungwa turubai, vikapangwa viti vya wageni, na wauza mboga wakahamishwa kwa nusu siku ili wapate nafasi wale waliokuja kuwasikiliza wauza mboga. Meya alisema hili sasa ni jiji lenye masikio. Kisha akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne, akaiinua juu wapiga picha waione vizuri, akaitumbukiza. Watu wakapiga makofi. Maranda alikuwa amesimama pembeni na nyundo yake, endapo sanduku lingelegea, na kwa kweli alijisikia vizuri. Kazi yake ilikuwa imesimama wima, pembe zimekutana bila hata upenyo wa unywele.

Miezi minne ikapita. Wakazi, ambao kwa miaka mingi hawakuulizwa kitu, waliandika kama watu waliofunguliwa bomba. Sanduku la zahanati lilijaa mwanzo, la soko likafuata. Watu wakaanza kuzisokomeza barua kwa vijiti, wengine wakazibandika ubavuni kwa gundi. Afisa Maoni alirudi karakana akiwa na uamuzi mpya wa kamati: mwanya upunguzwe nusu. Kamati ilikuwa imechunguza ikabaini kwamba wakazi wanaandika kwa urefu kupita kiasi, na mwanya mdogo utawafunza kuandika kwa ufupi.

Maranda akamwambia kuwa hawezi kuuziba mwanya wa sanduku lililofura karatasi, kwanza lazima liondolewe vilivyomo. Na akitoa, avipeleke wapi? Afisa akamweleza, kwa upole wa mtu ambaye naye alikwisha kuelezwa hivyohivyo, kwamba maoni hayawezi kuingia ofisini bila kupokelewa na masjala, na masjala haipokei maoni yasiyo na namba ya kumbukumbu, na namba hutolewa kwa kufuata mwongozo, na mwongozo ndio huo bado unaandaliwa.

"Kaa nayo kwanza," akasema.

Hivyo ndivyo maoni ya jiji zima yalivyohamia kwa seremala. Alizunguka na mkokoteni, akafungua masanduku moja baada ya jingine, akarudi na magunia sita. Aliyapanga ukutani nyuma ya plaiwudi na hakusoma hata mstari. Kwake barua ya mtu ilikuwa amana, hata kama mwenyewe aliyeandikiwa hakuitaka.

Mvua ndiyo iliyomponza. Ilinyesha usiku kucha, bati la pembeni likavuja, na asubuhi akakuta magunia mawili yamelowa chepechepe. Akaona zikioza atakuwa ameharibu mali ya watu, kwa hiyo akazianika barua mojamoja juu ya meza ya kazi, juu ya mbao, nyingine akazibana kwa vibanio kwenye kamba. Sasa mtu huwezi kuanika barua mia tatu ukiwa umefumba macho. Alianza kwa kuona neno moja hapa, jingine pale. Ilipofika saa nne alikuwa amekaa juu ya gogo, miwani puani, anasoma.

Barua kumi na saba zilihusu mtaro wa mbele ya zahanati, ambao wagonjwa waliuruka kwa miguu yao mibovu, na wengine waliokuja na homa waliondoka na homa pamoja na bandeji. Kuna aliyelalamika kwamba taa ya mtaani kwake huwaka mchana kutwa na kuzimika giza likiingia. Mmoja alipendekeza saa ya mnara wa ofisi za Jiji, ambayo ilisimama saa tatu na robo tangu wanawe hawajazaliwa, itengenezwe, au kama haiwezekani basi mishale yake iondolewe isiendelee kupotosha watu. Mwingine alitaka jiji lote lihamishwe kilomita tano kuelekea upande wenye upepo. Mwanamke mmoja aliomba sheria ya kuwazuia wakwe kukaa zaidi ya wiki mbili. Kijana mmoja aliandika, "Sina maoni, nilitaka tu kuona kama linafanya kazi." Na ile karatasi ya Meya pia alikutana nayo, imekunjwa mara nne kama alivyoiona siku ile. Aliifungua kwa heshima. Haikuandikwa kitu.

Kisha akafikia barua inayomhusu yeye. Haikuwa na jina la mwandishi. Ilisema yule seremala wa kona ya soko amejaza mbao zake kwenye njia ya waenda kwa miguu, watu wanapita katikati ya barabara pamoja na malori, na ukimwambia anakujibu kwa misumari mdomoni usielewe kama amekubali au amekutukana.

Maranda alikasirika. Alinyanyua macho akamtazama fundi cherehani wa ng'ambo, akamwona ameinamia kitambaa chake kwa namna aliyoiona ni ya mtu mwenye hatia. Siku hiyo hakumsalimia. Ya pili yake akasoma nyingine mbili zinazosema lilelile, kwa miandiko tofauti, na moja ilitoka kwa mama mwenye mtoto asiyetembea anayemsukuma kwenye kiti cha magurudumu. Jioni, alipodhani hakuna anayemwona, alichukua futi yake akapima njia. Ilikuwa na upana wa mita moja na nusu. Mbao zake zilichukua mita moja na nusu. Akapima tena kwa futi nyingine, endapo ya kwanza imechakaa.

Kesho yake alizihamishia mbao zote ndani, akazisimamisha ukutani, akabakiwa na nafasi ya kugeukia tu. Fundi cherehani alivuka barabara, akaiangalia njia iliyosafishwa, akasema, "Kaka, umepatwa na nini?" kwa sauti ya mshangao usio na hila hata kidogo. Maranda akajua kwamba hakuwa yeye, akaona haya, na akamtengenezea mguu wa stuli uliokuwa unacheza muda mrefu bila kumwambia kwa nini.

Barua iliyomshinda kabisa ilikuwa kwenye gunia la pili. Mwandiko wake aliutambua kabla hajasoma neno: herufi za mviringo, zimesimama mstarini kama watoto wa darasa la kwanza. Mkewe alikuwa amefundisha darasa la kwanza kwa miaka ishirini na mbili na hata orodha ya sokoni aliiandika kana kwamba itanakiliwa ubaoni.

"Kwa Jiji," ilisema. "Mimi ni mkazi wa nyumba ya tatu kutoka kwenye tangi la maji. Bafu letu halina mlango. Lina pazia. Ni mwaka wa tisa sasa na hilo ni pazia la tatu. Mume wangu ni seremala mzuri, hata masanduku haya ameyatengeneza yeye na watu wanayasifu. Nimemwambia mara nyingi, husema wiki ijayo. Kwa kuwa kazi za Jiji huzimaliza kwa wakati, naomba Jiji limwandikie barua rasmi ya kumwagiza mlango mmoja, sentimita sabini kwa mia na tisini. Vipimo nimechukua mwenyewe. Natanguliza shukrani."

Maranda aliisoma mara tatu. Hakukasirika safari hii. Kilichomuuma hakikuwa pazia. Ni ile "vipimo nimechukua mwenyewe", akimfikiria mama watoto wake amepanda kwenye ndoo na utepe wa kushonea, peke yake, wakati yeye yuko karakana anapiga vanishi sanduku la kupokelea maoni. Alikunja barua, akaiweka chini ya kopo la misumari. Akafunga karakana saa saba mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya isipokuwa kwa msiba.

Siku ya tatu mlango ulikuwa umesimama. Ubao mgumu, bawaba tatu badala ya mbili, komeo la ndani linaloteleza kwa kidole kimoja. Mkewe alirudi kutoka shuleni, akaufungua, akaufunga, akaufungua, akaufunga. Hakuuliza kitu. Aliingia, komeo likalia, na Maranda akakaa sebuleni akisikiliza maji yakimwagika kwa muda ambao ndoo moja haimwagiki.

Hakuuliza kwa sababu jibu alijua, au alidhani anajua. Kesho yake, kwenye chumba cha walimu, alitangaza kwamba masanduku ya maoni yanafanya kazi. Aliandika, akasema, na baada ya wiki chache jambo lililoshindikana miaka tisa likatekelezwa kwa siku tatu. Hakusema ni jambo gani. Walimu waliwaambia wazazi, wazazi wakaambiana sokoni, na sifa za Jiji zikapaa.

Maranda sasa alikuwa na kitu kinachomkera ndani kama kibanzi kidoleni. Barua kumi na saba za mtaro wa zahanati hazikumtoka akilini. Jumapili alipakia mabaki ya mbao ngumu kwenye mkokoteni, akaenda, akapima mtaro, na mpaka alasiri akawa ameuwekea kivuko chenye kingo pande mbili, upana wa kupita kiti cha magurudumu na mtu pembeni yake. Wagonjwa wa Jumatatu wakavuka. Mzee mmoja mwenye mguu wa bandeji alirudi akavuka mara ya pili, kuhakikisha.

"Jiji linasikia," wakasema watu.

Habari zikafika ofisi za Jiji, na Jiji likazipokea kwa furaha ya mtu aliyeambiwa amefaulu mtihani ambao hakumbuki kuufanya. Kabla ya wiki kwisha Meya alisimama juu ya kile kivuko na kipaza sauti, akasema, "Mlisema, tukasikia, tukatenda," na akatangaza awamu ya pili ya masanduku, safari hii arobaini. Afisa Maoni alisimama nyuma yake akitabasamu. Maranda naye alikuwepo, nyuma ya umati, akiuangalia ule ubao wa tatu kutoka kushoto ambao alijua msumari wake haujakaa sawasawa, akimwombea Meya asiukanyage.

Tabasamu la Afisa halikudumu. Ofisi ya mhandisi wa Jiji iliomba faili la kivuko. Hakukuwa na faili. Hakukuwa na mchoro, wala kibali, wala barua ya kuanza kazi, wala hata malalamiko yaliyopokelewa, kwa kuwa malalamiko yote yalikuwa karakana nyuma ya plaiwudi. Kijana alikuja kwa Maranda jasho likimtiririka, akauliza taratibu kama fundi ana fununu ni nani aliyekijenga.

"Mimi."

Afisa akafumba macho. Alieleza kwamba sasa kuna mambo mawili tu. Ama Jiji limejenga bila utaratibu, jambo ambalo ni kosa, ama raia amejenga kwenye mali ya Jiji bila kibali, nalo ni kosa, na kivuko itabidi kivunjwe. Tatizo ni kwamba Meya amekwisha kupigwa picha juu yake.

Kamati ikakutana kwa dharura. Baada ya saa sita ikapatikana njia: kivuko kitaandikwa kuwa kimejengwa "kwa kushirikiana na wadau". Na ili wadau wawepo, Maranda alipelekewa barua ya kualikwa kwenye kikao cha wadau, wiki mbili mbele.

Kabla ya kikao, ndipo siri ilipofichuka nyumbani. Maranda alisahau miwani yake mezani, na mkewe, akiwa anaelekea shuleni kwa kipindi cha mchana, akapita karakana kumpelekea. Hakumkuta, alikuwa ameenda kununua gundi. Aliweka miwani juu ya meza ya kazi, kando ya kopo la misumari, na chini ya kopo akaona ncha ya karatasi yenye herufi zake mwenyewe.

Maranda aliporudi alimkuta amekaa kwenye gogo, barua magotini, akitazama barua nyingine zilizoning'inia kwenye kamba kama nguo za watoto.

"Uliisoma lini?" akauliza.

"Siku tatu kabla ya mlango."

"Kwa hiyo siyo Jiji."

"Siyo Jiji, mama watoto."

Mkewe akaikunja barua. Walimu wote aliowatangazia walimpita kichwani mmoja mmoja, na mwalimu mkuu nyuma yao. Maranda, akitafuta neno la kuokoa hali, akachagua baya kuliko yote. Akasema angemwambia tu, kulikuwa na haja gani ya kuandika.

"Nilikuambia miaka tisa," akasema mkewe, bila kupandisha sauti. "Nikaona nijaribu kukuandikia."

Maranda alichukua ufagio, akafagia mahali palipokuwa pamekwisha kufagiwa. Baadaye mkewe akanyoosha mkono, akachukua barua moja kwenye kamba, akasoma, akachukua ya pili. Ya mwanamke aliyechoshwa na wakwe ilimchekesha mpaka akajifuta macho, akasema mwandiko huo anamjua mwenyewe. Akauliza ziko ngapi. Akaonyeshwa magunia.

Jumamosi na Jumapili za wiki mbili zilizofuata walikaa karakana wote wawili. Mama mwalimu alizipanga barua kama anavyopanga madaftari ya kusahihisha, mafungu matatu. Hili la Jiji, akasema, hili la majirani, na hili la Mungu. Fungu la Mungu lilikuwa dogo kuliko walivyotegemea: jiji kuhamishwa, mvua ipangiwe ratiba, na mengine ya jinsi hiyo. Fungu kubwa kupita yote lilikuwa la majirani. Watu walikuwa wameiomba Halmashauri ya Jiji imwambie mtu wa chumba cha juu avue viatu, mwenye duka apunguze redio, dada arudishe sufuria. Waliandika kwa heshima, wakaweka tarehe, wakatumbukiza ndani ya sanduku kilomita mbili kutoka kwenye mlango ambao wangeweza kuubisha kwa mkono.

Hayo waliyapeleka wenyewe. Mama mwalimu alibisha hodi, Maranda akasimama nyuma yake kama shahidi. Hawakutaja nani kaandika. Kuna waliowafungia mlango. Mwenye duka alipunguza redio siku mbili, akaiongeza tena, kisha akaipunguza. Sufuria ilirudi.

Siku ya kikao Maranda alivaa shati la harusi ya binti yake na akaenda bila msumari hata mmoja mdomoni. Wadau walikuwa kumi na wanne. Kumi na wawili kati yao walikuwa watumishi wa Jiji. Walikaa chumba chenye meza ndefu aliyoikagua kwa kiganja chini ya ukingo, akagundua haikupigwa msasa. Yalisemwa mengi kuhusu mchakato, na mwenyekiti mwishowe akamgeukia mkazi, kama alivyomwita, akamwomba kwa uhuru kabisa atoe pendekezo moja la kuboresha maisha ya jiji.

Maranda alifikiri. "Fungueni masanduku," akasema.

Kalamu zikasimama. Mwenyekiti alikohoa, akashukuru kwa mchango mzito, na katibu akainama kuandika. Maranda aliyekuwa karibu naye aliona kwa macho yake kilichoandikwa: "Mkazi amependekeza uwazi uongezwe." Kikao kikaunga mkono kwa kauli moja na kuunda kamati ndogo ya uwazi.

Alirudi nyumbani amenuna, akamsimulia mkewe. Mama mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kesho ana vipindi viwili tu, mkokoteni uwe tayari saa tano.

Walifika masjala na fungu la Jiji limefungwa mafurushi kwa mkanda wa kushonea, barua mia nne na kumi na mbili. Nyuma ya kaunta alikaa karani mmoja mama, mnene wa mwili na mzito wa kunyanyuka, aliyebakiza wiki tatu astaafu. Mhuri wake ulikuwa mkononi. Aliyaangalia mafurushi, akawaangalia wao.

"Haya ni maoni au ni barua?"

Maranda alifungua mdomo aseme ukweli, na mkewe akamkanyaga mguu.

"Ni barua," akasema mama mwalimu. "Kila moja imeandikwa 'Kwa Jiji' hapo juu. Soma."

Karani akasoma ya kwanza, akasoma ya pili. "Maoni yana mwongozo wake, siyashiki," akasema. "Barua napokea." Akaupuliza mhuri pumzi ya moto, akaanza kupiga. Alipiga siku tatu, kila barua na namba yake, kila namba na mstari wake kwenye daftari kubwa. Wenzake walipita wakimwambia anajitafutia balaa. Akawajibu kwamba balaa hilo likianza kumtafuta yeye atakuwa kwake anamwagilia maua.

Balaa lilikuwa kanuni moja ya zamani ambayo kila mtu ofisini aliijua na hakuna aliyependa kuitaja: barua iliyopigwa mhuri lazima ijibiwe ndani ya siku thelathini. Kwa hiyo Jiji likajibu. Watu mia nne na kumi na wawili walipata jibu moja, la ukurasa mmoja, kwamba hoja yao imepokelewa na inafanyiwa kazi. Yule kijana asiye na maoni naye alijulishwa kuwa hoja yake inafanyiwa kazi. Lakini kwenye mambo mengi hivyo, machache hayakuweza kukwepwa. Taa ile iligeuzwa waya zake, ikalala mchana na kuwaka usiku. Bomba la soko, lililolalamikiwa kwenye barua nyingine, likarekebishwa. Mafundi wa Jiji walipanda mnara wa saa wakiwa na ngazi tatu na mabango ya kuwaonya wapita njia, wakashinda huko siku nzima, na wakashuka na mishale yote miwili.

Afisa Maoni alihamishiwa kitengo cha takwimu, ghorofa ya chini, dirisha linaloangalia ukuta. Wengine walisema ameshushwa, barua ya uhamisho ilisema ameaminiwa. Masanduku arobaini ya awamu ya pili Maranda aliletewa mchoro wake, na safari hii kamati ilikuwa imekiondoa kile kifuniko cha nyuma, kwa kuwa ilibainika ndicho kilichosababisha usumbufu wote. Aliurudisha mchoro. Wakampata fundi mwingine.

Mwezi uliofuata, asubuhi, Afisa alionekana kwenye njia ya waenda kwa miguu, bila kitambulisho, bila faili. Fundi cherehani alisimamisha mashine yake asipitwe. Kijana alisalimia, akasifia mbao zilivyopangwa, akazungumzia hali ya hewa. Mwishowe akasema kuna jambo. Nyuma ya nyumba aliyopanga, mfereji wa maji machafu umeziba tangu ahamie, harufu inaingia mpaka chumbani, mtoto anakohoa. Mwenye nyumba anasema ni wa Jiji. Jiji, na hapo alishusha sauti, linasema ni wa mwenye nyumba. Sasa hajui aende kwa nani.

Maranda alitema misumari. Akamwambia yeye ni seremala, mifereji haijui. Anamjua fundi bomba mmoja anayekaa mtaa wa pili, mtu mkali lakini kazi anaiweza. Kisha akauliza mfereji una urefu gani na una vifuniko vingapi. Kijana hakujua. Maranda akachukua futi, akamwambia fundi cherehani amwangalizie karakana, na wakaondoka wawili kwenda kuuangalia.